Ukurasa Ulioandika Hakuna Mtu Ndani

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za ofisi, kitambulisho, na kiti nilichokuwa nimekishonea mto mwenyewe. Mto nimeondoka nao. Vijana wa idara yetu wameniomba niwaandikie habari za miaka wanayoiita ya zamani sana, yaani ile ambayo mimi nilikuwa na umri wao. Vyeo nitaviruka, vipo kwenye faili. Nitaeleza kazi yenyewe, na hasa mchana mmoja wa Geita ambao wengi mmeusikia nusunusu.

Nilianzia Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, dukani kwa Bwana Ramnik. Mbele aliuza madaftari, kalamu na vitabu vya risiti. Nyuma ya pazia la maua alikuwa na kompyuta tatu, katika chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa gundi ili vumbi lisiingie. Vumbi liliingia. Msimu wa pamba liliingia pamoja na nyuzi, na kila Ijumaa nilifungua mashine kwa bisibisi nikazisafisha kwa brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuona rangi.

Nilitoka chuoni nikijiona najua kuandika programu. Siku ya kwanza sikuruhusiwa hata kuwasha kompyuta. Bwana Ramnik alinipa karatasi za manila, penseli na rula, akanituma kwenye kiwanda cha kuchambua pamba.

"Kaa na karani wa mizani," aliniambia. "Usimfundishe kitu, Vero. Mwangalie tu."

Nilikaa siku tatu. Niligundua kwamba karani huandika uzito kwanza na jina la mkulima baadaye, kwa sababu mshale wa mizani haukusubiri mtu ataje jina la baba yake na la babu yake. Mimi kichwani nilikuwa nimeshapanga jina kwanza. Nikachora skrini kwenye manila, karani akawa "anabonyeza" kwa kidole, ananiambia hapa sipaelewi, hapa unanichelewesha. Tulichana manila tatu. Ya nne aliikubali, na hapo ndipo niliporuhusiwa kuandika mstari wa kwanza wa programu.

"Akikataa karatasi, umepoteza karatasi," Bwana Ramnik alisema. "Akikataa programu, umepoteza mwezi."

Baada ya miaka michache zikaja disketi zenye programu ya kuandika programu. Unaieleza jedwali lako lina nini, jina, namba, tarehe, nayo inakutolea skrini za kuingiza, kusahihisha na kutafuta. Kazi ya wiki mbili ikawa ya kati ya chai na chakula cha mchana. Nililewa kabisa. Bwana Ramnik alinisimamia mgongoni, mikono nyuma.

"Umesoma ilichoandika?"

"Kinafanya kazi, Bwana."

"Sikuuliza kama kinafanya kazi."

Niliona ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mimi leo nina zaidi.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilipata kazi Geita, kwenye mgodi mmoja uliokuwa ukichimba kwa handaki. Kampuni siitaji, na haipo tena. Nilipanga chumba Kalangalala. Mwenye nyumba wangu alinisikia nikimweleza mgeni kwamba kutwa nzima naandika kodi, kama tulivyoita lugha ya kompyuta, akadhani mimi ni mtu wa kodi ya serikali, akaanza kuniamkia kwa heshima isiyo ya kawaida. Ilipofika mwisho wa mwezi alielewa kwamba ni kodi ya aina nyingine.

Intaneti pale hapakuwa nayo. Tulikuwa na kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya, moja ikiwa mama wa zote, na tulitengeneza kurasa za tovuti zilizofunguka humo ndani tu ya mgodi. Kazi niliyopewa ilikuwa ukurasa mmoja wenye jina la kawaida kabisa: Nani Yuko Ndani.

Kabla yangu, jambo hilo lilisimamiwa na ubao wenye misumari. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba. Akishuka, kibati kinatundikwa ubaoni; akitoka, anachukua kibati chake. Saa tisa na nusu alasiri, muda wa kulipua mwamba, ubao ulipaswa kuwa mtupu. Aliyeutunza ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwenyeji wa huko huko, aliyekaa kwenye dirisha la zamu karibu na mdomo wa handaki. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kisukuma, na macho yake hayakupitwa na mtu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia siku ya kwanza, nikimwita mama kwa Kisukuma kidogo cha mjini, kujipendekeza.

"Mwangaluka," alijibu, akaniangalia viatu. "Wewe ndiye umeletwa kunitoa hapa?"

"Hapana, mama. Nimeletwa kukaa na wewe."

Nikafanya alivyonifundisha Bwana Ramnik. Wiki mbili nilikaa naye dirishani nikiwa na manila. Kisha nikaandika kwa mkono kurasa tatu za majaribio, mbaya kwa sura lakini zikibonyezeka, nikamwacha azitumie huku ubao ukiendelea. Siku ya tano akaniita.

"Vero, njoo uone. Huyu alitoka kula, akarudi ndani. Mimi nimemwandika amerudi. Kwa nini mashine inasema yuko nje?"

Nikachunguza. Ukurasa ulichukulia kwamba mtu huingia mara moja na kutoka mara moja kwa zamu. Akiingia mara ya pili, saa mpya ya kuingia ilifuta ile ya kwanza, lakini saa ya kutoka ya mchana ilibaki palepale. Kompyuta ikiona kuna saa ya kutoka, inamhesabu ametoka. Nilirekebisha kwa mistari sita. Mama Kulwa alijaribu mara kumi, akaridhika.

Mkuu wetu wa ofisi, Bwana Kessy, hakuridhika. Alikuwa mtu safi, mchapakazi, mwenye haraka. Alikuwa amepata programu mpya ya kuzalisha kurasa, dada wa zile disketi za Shinyanga, na alitaka kila kitu kipite humo, ili siku nikiondoka mtu mwingine aweze kuendelea. Hoja yake ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Tukakubaliana: ninachora na kujaribu na Mama Kulwa kwanza, halafu programu inazalisha kurasa zote, halafu mimi natia kwa mkono yale ambayo programu haiyajui.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na ninyi vijana mnaujua kwa majina mengine. Kila ukizalisha upya, programu inaandika kurasa zote tangu mwanzo. Ulichotia kwa mkono kinafutika bila kukuuliza. Mimi nilijua. Nilikuwa na daftari lenye marekebisho manne ya kurudishia kila mara, yamepangwa kwa namba. La nne lilikuwa lile la mtu kuingia mara ya pili.

Tulikwenda hivyo miezi kadhaa bila tatizo. Bwana Kessy akaamuru ubao wa misumari upelekwe stoo.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Asubuhi Bwana Kessy alikuja mezani kwangu akiwa na mkanda wa suruali umejipinda kwa haraka, dalili kwamba kuna wageni. Alitaka kila jina ukurasani lionyeshe mtu ameajiriwa na kontrakta gani, na alitaka kabla ya mchana. Ilikuwa kazi ndogo. Niliongeza safu moja kwenye jedwali, nikazalisha upya, nikafungua daftari. Nikarudisha la kwanza. Nikarudisha la pili. Nikarudisha la tatu. Bwana Kessy akaniita mlangoni: printa imekwama na wageni wako njiani. Nilikwenda. Nilipomaliza printa wakanishikisha projekta. Nikarudi mezani, nikaona ukurasa unafunguka, majina yapo, makontrakta wapo. Nikafunga daftari.

Kwenye saa tisa na dakika kumi redio ya mkononi ikaita jina langu. Ilikuwa sauti ya Bwana Mashaka, mkuu wa baruti. "Vero, njoo dirishani. Sasa hivi."

Nilikuta watu watatu. Mama Kulwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Bwana Mashaka ameshika fomu ya kuruhusu kulipua, kalamu mkononi. Bwana Kessy amefika naye, jasho shingoni. Nje, upande wa ziwa, wingu lilikuwa limesimama jeusi na radi zilikuwa zinanguruma kwa mbali. Kwa wasiojua: mashimo ya mwamba yalikuwa yameshajazwa baruti na kuungwa nyaya za umeme. Radi ikipiga karibu, baruti inaweza kulipuka yenyewe. Katika hali hiyo mtu wa baruti ana njia mbili tu, kulipua mapema au kuwaweka watu wote mbali kabisa. Hakuna anayeingia.

"Mama amekataa kusaini," Bwana Mashaka alisema. "Mashine inasema ngapi?"

Nikainama kwenye skrini. Chini ya kichwa cha ukurasa kulikuwa na mstari niliouandika mimi mwenyewe: Hakuna mtu ndani.

"Sifuri," nilisema.

"Masanja yuko ndani," alisema Mama Kulwa. "Fundi wa pampu. Alitoka kula. Akarudi, akaniambia amesahau spana kubwa kwenye pampu ya chini. Nikamwandika. Sijamwona akitoka."

"Labda alipita ulipokuwa unaandika mtu mwingine," Bwana Kessy alisema.

"Bwana Kessy, mimi huwa sipitwi."

"Redio anayo?" nikauliza.

"Tumemwita mara nne," alijibu Bwana Mashaka. "Kule chini redio hazishiki vizuri. King'ora kimelia mara mbili. Mtu yeyote aliye ndani angeshatoka." Akatazama wingu. "Sikilizeni. Nikituma watu humo ndani na radi hii, natuma watu juu ya baruti. Nikikosea upande huo, si mmoja. Kwa hiyo nataka jibu, sitaki maoni. Kuna mtu au hakuna?"

Bwana Kessy akanigeukia. Nakumbuka hakunifokea. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba msaada. "Vero, ukurasa wako uko sahihi au si sahihi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilikumbuka papo hapo. Sikukumbuka. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kuutetea ukurasa. Miezi yote ile haukuwahi kukosea, na Mama Kulwa alikuwa binadamu, amekaa pale tangu asubuhi. Nilishafungua mdomo kusema uko sahihi. Ndipo nilipoona ile safu mpya, jina la kontrakta, inang'aa upande wa kulia, na nikajiuliza kwa nini imenisumbua kuiona.

"Nipeni dakika moja," nikasema.

Nilifungua jedwali lenyewe, si ukurasa. Nikashuka hadi kwenye jina la Masanja. Ametoka: saa sita na dakika arobaini. Ameingia: saa nane na dakika kumi.

Mtu hawezi kutoka kabla hajaingia.

"Yuko ndani," nilisema. Nikamgeuzia Bwana Mashaka skrini. "Yuko ndani. Ukurasa si sahihi. Mama yuko sahihi."

"Una hakika?" Bwana Mashaka aliuliza. Radi ilinguruma tena, na safari hii tuliona mwanga wake kwanza. "Maana nitakayemtuma ni mimi."

"Nina hakika kwamba ameingia saa nane na dakika kumi na hakuna aliyemwandika ametoka. Zaidi ya hapo sijui."

Bwana Mashaka akaweka fomu mezani, akafungua kufuli ya kisanduku cha kulipulia, akatoa ufunguo wake na kuutia mfukoni mwa shati. Hakumpa mtu, ili asiwepo wa kulipua yeye akiwa ndani. Alimwambia msaidizi wake awaondoe watu wote hadi kwenye uzio, akavaa taa ya kichwani na kuingia handakini peke yake, akikimbia kwa hatua za mtu mzima asiyetaka kuteleza.

Tulisimama. Bwana Kessy alisogea nyuma kwenye uzio kama wengine, akageuka, akarudi. Mama Kulwa alikataa kuondoka dirishani. Alisema kazi yake ni kumwandika mtu anayetoka, na kuna watu wawili hawajatoka. Mimi nilibaki naye. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Nilihesabu muda kati ya mwanga na mngurumo, nikafika sita. Mara ya pili nikafika nne. Mara ya tatu sikutaka kuhesabu.

"Mayu," nilimwambia Mama Kulwa, "ni mimi. Asubuhi nimebadilisha ukurasa. Nimesahau kurudisha kile ulichokigundua wewe."

Hakugeuza kichwa. Macho yalikuwa kwenye mdomo wa handaki. "Utanieleza akitoka," alisema.

Taa zilionekana mbili. Zilikuja zikicheza huku na huko, kisha tukawaona wenyewe: Bwana Mashaka amemshika Masanja mkono juu ya kiwiko, kama unavyomvusha mzee barabarani, na Masanja anauliza kuna nini jamani, spana bado iko mkononi. Pampu ile ilikuwa na kelele ya kuziba masikio. Hakusikia king'ora, wala redio. Alikuwa ameikuta inavuja, akaona aifunge kabisa kuliko kurudi kesho. Mahali alipopiga magoti hapakuzidi hatua thelathini kutoka kwenye baruti.

Mama Kulwa akaketi, akaandika majina mawili na saa. Wote tukaenda nyuma ya uzio, na Bwana Mashaka akalipua mvua ikiwa imeshatufikia. Nilikwenda kwenye bomba nyuma ya ofisi ya zamu, nikaosha uso.

Asubuhi iliyofuata Bwana Kessy aliniita. Mbele yake kulikuwa na ripoti ya tukio, sehemu ya chanzo ikiwa wazi.

"Jana umeme uliyumba kabla ya mvua," alisema. "Tunaweza kuandika hitilafu ya umeme. Ni kweli uliyumba."

"Haukuyumba kwenye ukurasa wangu, Bwana Kessy."

"Nakulinda."

"Najua. Lakini tukiandika umeme watanunua jenereta, na ukurasa utabaki vilevile."

Alizungusha kalamu. Mwishowe akaisukuma upande wangu, pamoja na karatasi. Niliandika nilichofanya na nilichosahau. Chini ya maelezo yangu yeye akaongeza kwa mwandiko wake kwamba ndiye aliyetaka kazi ile imalizwe kabla ya mchana na ndiye aliyeniita kwenye printa. Sikumwomba. Watu wanaomsema Bwana Kessy kwa haraka zake wakumbuke na hilo.

Tulibadilisha utaratibu wiki hiyohiyo. Niliyoandika kwa mkono yalitolewa kwenye kurasa zinazozalishwa, yakawekwa kwenye faili zake ambazo programu haina ruhusa ya kuzigusa. Kila tukizalisha upya, kabla ukurasa haujatumika, Mama Kulwa alimwingiza mtu wa bandia, akamtoa, akamwingiza tena, akaangalia kama yuko ndani. Alimpa jina la shemeji yake asiyempenda. Ubao wa misumari ulirudi kutoka stoo, na fomu ya kulipua haikusainiwa mpaka ubao na ukurasa viseme jambo moja. Programu ya kuzalisha hatukuitupa. Ilikuwa imeniokolea miezi ya kazi, na kosa halikuwa lake. Ilifanya ilichoambiwa. Wala sikuacha manila. Tatizo lile lilionekana mapema kwa sababu mtu wa dirishani alipewa kitu kibovu akichezee, na lilirudi kwa sababu mimi nililiweka kwenye daftari badala ya kuliweka mahali pake.

Masanja alipewa siku chache za kupumzika. Aliporudi, kabla hajashuka, alikuja ofisini kwangu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mikono mipana yenye makovu ya moto wa kuchomelea. Nilisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia wewe ndiye mwenye ile mashine. Nionyeshe nilipoandikwa nimetoka."

Nilimvutia kiti. Nikafungua siku ile, nikamwonyesha mstari wake, saa ya kutoka na saa ya kuingia. Nilimweleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila kujificha nyuma ya maneno ya kompyuta. Alifuata kwa kidole bila kugusa kioo.

"Hii kasoro," aliuliza, "mlikuwa hamjawahi kuiona?"

Hapo ningeweza kumwambia lolote, asingejua.

"Tuliiona zamani, baba. Mama Kulwa aliiona. Niliitengeneza, ikapona. Siku ile asubuhi niliirudisha mwenyewe bila kukusudia, kwa haraka."

"Kwa hiyo ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

Alitazama jina lake kwenye skrini. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Afadhali ungekuwa huijui," alisema.

Akasimama, akarudisha kiti mahali kilipokuwa, akaniaga vizuri kama mtu anayeaga nyumba ya jirani. Kupitia dirisha nilimwona akivuka uwanja, anafunga mkanda wa taa chini ya kidevu, anaingia. Jina lake likaja kwenye ukurasa. Nililikodolea macho, bila kufanya kazi nyingine yoyote, mpaka alipotoka.